Mabega Manne

Kijiji nilichozaliwa, kule Gujarat, India, hakina tena wanaume wanne wa kubeba maiti. Wengine watakutajia idadi ya watu. Sisi tulijipima kwa machela: mabega manne ya kumtoa marehemu nyumbani hadi kwenye kuni za kumchomea mtoni, na mengine ya kupokezana njiani. Nilipokuwa mdogo watu walisukumana wapate zamu.

Nilipelekwa Tanga kwa mjomba, shule nikaiacha darasa la nne, ufundi nikaujulia chini ya magari. Kisha Stockholm, huku Uswidi, nimeendesha basi mpaka nikastaafu, na hakuna aliyenishika mkono. Kaka yangu alibaki kijijini kulima pamba.

Mvua za kule zilizopita, mkewe alinipigia simu asubuhi. Nilikuwa jikoni kwangu, Vårby gård, pembeni mwa Stockholm, chai iko motoni.

"Shemeji, kaka yako ametutoka."

"Nani anabeba?" Hilo kwetu huulizwa hata kabla ya kulia.

"Kuhani, na nyonga yake ile mbovu. Mfinyanzi. Mpwa wangu. Basi."

"Na vijana?"

"Vijana gani? Wako mjini Surat, wako Dubai, wako huko kwako."

Maiti yetu huchomwa kabla jua halijazama. Tukakubaliana mpwa apande pikipiki hadi njia panda, akaombe watu kwenye basi. Zamani basi lilifika mpaka hekaluni. Abiria walipopungua likaishia njia panda, na lilipoishia njia panda waliobaki nao wakafungasha. Toka hapo ni matope mpaka kijijini.

Mpwa akanipigia. Abiria kadhaa walikuwa tayari kubeba, mradi basi liwapeleke na kuwarudisha.

"Nipe dereva," nikasema. "Kijana, mimi ni dereva mwenzio. Kata kona, ingia kijijini. Ni kaka yangu."

"Pole, mzee. Njia yangu haiendi huko."

"Gari litapita. Matope nayajua."

"Si matope, mzee. Wewe ulipokuwa kazini, uliwahi kuacha njia yako?"

Sikuwahi. Theluji, walevi, barafu, sikuwahi kuiacha hata mtaa mmoja. Mpaka leo nawatambia wajukuu. Nikasikia breki zinapumua, na basi likaondoka.

Mchana akaja rafiki yangu kunipa pole, Mdigo wa Tanga, tuliyekuwa naye karakana moja ya mabasi huku Stockholm. Nilimweleza yote. Akatikisa kichwa.

"Kwetu jeneza likipita, hata muuza samaki huacha beseni lake akatia bega."

"Unaniambia mimi? Majeneza yenu nimeyabeba mengi kuliko wewe."

"Basi Muhindi wee, siku yako tutakubeba sisi."

"Wewe? Ngazi hizi tu umepanda unahema kama mbuzi wa kafara."

Nilitaka acheke. Alitazama meza.

Shemeji alipiga tena wakati kule jua limeshazama. Wanaume walikuwa watatu, akasema, bega la nne lilikuwa lake. Kwetu mwanamke hata mtoni hafiki. Alijifunga kitambaa kiunoni, akaingia chini ya mwanzi wa machela. Walifika nyumba ya mwisho, nyonga ya kuhani ikagoma, wakamtua kaka yangu matopeni. Akamalizia safari kwa tela la trekta, lile la kubebea pamba, huku amefungwa kamba asidondoke.

Nikauliza upuuzi. "Alikuwa mzito?"

"Hapana," akasema. "Hata hakuwa mzito."

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi:

"Sasa mimi nikifa, shemeji, bega langu atatia nani?"

Nikamwambia nitakuja. Mimi, ambaye mfuko wa viazi naukokota kwa magurudumu. Yule mama ana akili, hakuuliza lini. Aliaga akakata simu.