Sikio la Kushoto la Emérence

Watu wa Bukavu walimjua Emérence kwa sauti, na wengi wao hawakujua kwamba haoni. Kila saa sita mchana alisoma matangazo katika radio yetu ndogo ya kanisa, pale Ibanda: nani amefariki, nani anaoa, mbuzi wa nani amepotea. Alisoma bila kukwama, kama mtu aliyekazia karatasi macho. Kumbe karatasi yenyewe haikuwepo.

Mimi Georgette nilikaa kwenye meza ya mapokezi. Watu waliniletea habari zao kwenye vikaratasi, nami nikazipiga kwenye kompyuta. Kando ya kompyuta kulikuwa na kisanduku cha sauti, zawadi ya masista wa Ubelgiji, kilichosoma kila kilichoandikwa kwenye skrini. Emérence alitia waya wake kwenye sikio la kushoto, akasikia sentensi moja, na wakati mdomo unaitoa hewani, sikio lilikuwa tayari linapokea nyingine. Jaribu uone. Mimi nilijaribu siku moja nikashikwa na kigugumizi hadi nikajichekea mwenyewe. Tena sauti ile ilikuwa ya mwanaume Mfaransa, na Kiswahili ilikisoma kama padri aliyeshuka kwenye ndege jana. Emérence aliizoea hivyo hivyo, akaiita mume wake.

Kabla ya kisanduku kuja, mimi ndiye niliyekaa ubavuni mwake na kumnong'oneza. Alichukia sana. Ofisini walimwita kasuku wa Georgette. Ulikuwa utani, lakini utani haumuumizi anayeutoa. Siku alipokizoea kisanduku alinisukuma nje ya studio huku anacheka, akafunga mlango. Tangu hapo nilimsikiliza kama watu wengine, kwenye redio ya mezani pangu.

Mwanzoni mwa mwaka 1996, Zaire ikiwa bado Zaire, wafadhili walituma pesa za kufanya mashine zetu ziwe za kisasa. Mkurugenzi wetu, Papa Aloys, akamleta fundi kutoka Goma, kijana mmoja mwenye miwani aitwaye Floribert. Ijumaa nzima alishinda studio akibadilisha programu kubwa inayoiendesha kompyuta. Jioni alituita tukaangalie. Skrini iliyokuwa nyeusi yenye maandishi meupe sasa ilikuwa na rangi na vipicha kila mahali. Sisi wenye macho tulipiga makofi.

Emérence alikaa, akatia waya sikioni, akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Hakuna mutu humu," alisema.

"Haiko shida, maman," Floribert akajibu. "Sasa munatumia souris." Akamshikisha kipanya, kile kidude cha kusukumwa mezani.

"Niipeleke wapi?"

Programu ya zamani ya kisanduku ilijua kusoma maandishi, picha haikuzijua. Floribert alihangaika, akatoa diski nyingine mkobani, na mwishoni sauti ikarudi. Lakini haikuwa ile. Ilikuwa ya mwanamke mwenye haraka, na ilitaja kwa Kifaransa kila kipicha ilichokutana nacho kwenye skrini: bouton, fenêtre, icône, na tangazo lenyewe lilipenya katikati ya vurugu hiyo. Floribert alisema ni suala la mazoea, akarudi Goma na boti ya asubuhi.

Papa Aloys hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa kuogopa aibu. Alisimama mlangoni na kusema polepole, "Maman Emérence, kama lundi haiendi, Colombe atasoma. Radio haiwezi kukungojea."

Colombe alikuwa binti aliyemaliza shule juzi, mwenye sauti nzuri na macho mawili.

Kabla ya hiyo Jumatatu zilibaki siku mbili: Jumamosi Emérence alishinda studio akifanya mazoezi, na Jumapili baada ya misa akarudi tena. Nilimpelekea chakula, hakukigusa. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta njia za zamani kwenye mashine, na kila mara vilifika mahali pengine. Nilimsikia akimjibu yule mwanamke wa kisanduku kwa Mashi, lugha ya kwao, maneno ambayo hayafai kusemwa siku ya Bwana.

"Georgette, niko naogopa," aliniambia mwishoni. "Wakinirudisha ku nyumba, nitakuwa nani? Nitakuwa tena ule mutoto wa kushikwa mukono."

Nilimwambia itaenda vizuri.

Jumatatu asubuhi alikuja Papa Anaclet, fundi wa viatu kutoka Muhumba, shati amelivaa nyuma mbele. Mama yake alikuwa amefariki usiku. Mazishi yalikuwa kesho yake, na ndugu zake wote walikuwa Luberizi, huko bondeni wanakolima mpunga, ambako simu hakuna. Wasiposikia radio mchana ule hawangepata gari la kupanda milima kabla ya giza, na mama angezikwa bila wao. Nilikuwa ninapiga tangazo lake Emérence alipopita, akanyoosha mkono mpaka akaupata wake.

"Pole, papa. Nitabaambia. Batasikia."

Sikupenda aahidi hivyo, siku kama ile.

Saa sita ilifika. Papa Anaclet alisimama mbele ya meza yangu ameinamia redio. Tangazo la kwanza lilikuwa la harusi, likapita salama, ila sauti ya Emérence ilikuwa nyembamba kuliko kawaida. Kisha akaanza la pili: "Familia ya Papa Anaclet, wa Muhumba, inasikitika kuwatangazia ndugu na jamaa wote, hasa wale wa Luberizi, kifo cha mama yao mpenzi, Mama Cibalonza. Mazishi yatafanyika... mémoire insuffisante, fermez une application."

Lilikuwa onyo la kompyuta kwamba kumbukumbu imeijaa, naye alilitamka vile vile, kwa sauti ile ile ya msiba. Mdomo ulikuwa umezoea kulifuata sikio.

"Mama Georgette, ile iko nini?" Papa Anaclet akaniuliza.

Redio ilikuwa kimya. Nikasikia mlango wa mkurugenzi ukifunguliwa kwa nguvu. Nikainuka nikakamata karatasi, nikimbilie sikio lake kama zamani, na hapo Emérence akasema tena. Maneno hayo yalikuwa yake.

"Wasikilizaji, munisamehe. Mimi sioni. Kila siku mashini ndiyo inanisomea ku sikio, na sasa imenyamaza. Papa Anaclet, kama ungali pale ku mulango, kuya ubaambie bandugu zako."

Sikuwa nimefika hata mlangoni. Papa Anaclet alikuwa ameshanipita. Redio ikatoa kishindo cha kiti, kisha sauti nzito.

"Bandugu ba Luberizi, iko mimi, Anaclet. Mama ametuacha. Tunamuzika kesho, saa ine ya asubuhi. Mukuye leo, musingoje. Mukuye..." Hakuweza kuendelea. Mji mzima ulimsikia analia, na Emérence akimwambia taratibu, "Inatosha, papa. Bamesikia."

Matangazo yalipoisha Papa Aloys aliingia studio. "Umeambia mji muzima kama radio yetu inasomwa na kipofu!"

"Iko kweli, Directeur."

"Kweli haiko shida! Kesho inyamaze tena, tutafanya nini? Colombe atasoma."

Emérence alikunja waya wake vizuri, akaniwekea mkononi, akatoka. Nilimkuta kwenye ngazi akilia bila kujificha. Nilitaka kurudi nikampe mkurugenzi maneno yake, lakini nilikuwa na watoto wa kulisha, nikarudi kwenye meza yangu.

Colombe alisoma siku zilizofuata. Alisoma vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Wiki haikuisha Papa Anaclet akarudi. Safari hii hakuwa peke yake. Nyuma yake waliingia wanaume wanne wenye vumbi la bondeni kwenye viatu, ndugu zake. Walikuwa wamesikia, wakapanda lori jioni ile ile, wakamshika mama yao mkono kwa mara ya mwisho. Sasa walileta tangazo la shukrani, kama kila familia inavyofanya baada ya kuzika.

"Maman mwenye haoni iko wapi?" Papa Anaclet aliuliza.

Papa Aloys alitoka kuwasalimia. "Colombe atabasomea, papa. Anasoma bien."

"Directeur, yeye ndiye alituita," Papa Anaclet akajibu. "Yeye ndiye atashukuru." Na wote watano wakakaa kwenye benchi langu, wakajaza mapokezi.

Mkurugenzi aliangalia benchi, akaangalia saa ukutani, akanituma Nyawera, alikokaa Emérence, kumwita. Nilikimbia kama msichana.

Emérence alikuja kitambaa cha kichwa kikiwa upande. Floribert alikuwa hajarudi, mashine ilikuwa ile ile.

"Inaweza kunyamaza tena?" akaniuliza kwenye mlango wa studio.

Ningeweza kumdanganya. "Inaweza," nikasema.

Alisimama pale, ameshika kitasa cha mlango alionifungia zamani. Kisha akaufungua wazi. "Ingia. Kaa huku, ku sikio ya kuume."

Nikakaa na karatasi yangu, mdomo karibu na shavu lake. Taa nyekundu ikawaka. Yule mwanamke wa kisanduku akaanza kupiga kelele zake upande wa kushoto, na Emérence akamfuata, sentensi kwa sentensi, akiwashukuru majirani wa Muhumba, wanakwaya na wote waliokuja kutoka mbali. Mimi nilifuata kwa macho, nikingoja akwame. Hakukwama. Sikutoa hata neno moja.

Taa ilipozimika Papa Aloys aliingiza kichwa mlangoni. "Kesho usichelewe," alisema, akaondoka.

Emérence aliitikia kwa kichwa. Mkono wangu alikuwa ameukamata tangu tangazo lianze, umelowa jasho, na hakuuachia.