Dawa ya Huzuni kwa Mtu Asiye na Huzuni

Nilitoka Kitale juu ya magunia ya mahindi, nyuma ya lori lililokuwa likipeleka mzigo Nakuru. Nakuru nikakaa kwa binamu yangu mpaka akachoka nami. Nikapanda basi la Nairobi, na Nairobi nikakata tikiti ya daraja la tatu la gari la moshi. Asubuhi, kabla ya kuingia Mombasa, niliona minazi kwa mara ya kwanza nikadhani imekufa, kwa sababu sikujua mti unaweza kuwa na shina tupu refu namna ile na bado ukawa mzima. Mfukoni nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na jina la mtu wa kwetu aliyekuwa na kibanda Ukunda. Nilipofika nikaambiwa amekwisha kuhama. Watu wa bara wengi walikuwa wamehama. Mwaka uliotangulia kulikuwa na fujo Likoni, nami nilikuwa nikiingia kwa mlango ambao wenzangu walikuwa wametokea mbio.

Sikuogopa, wala sisemi hivyo kwa kujisifu. Tangu nimalize shule sikuwa nimekaa mahali pamoja mwaka mzima, na mtu wa namna hiyo hupima mahali kwa upepo na harufu. Pale harufu ilikuwa ya chumvi na makumbi ya nazi yanayoungua. Nikaona nitakaa.

Mwanamke aliyenipangisha chumba, kule Tiwi, alikuwa Mdigo, mjane, ambaye watoto wake walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo katika hoteli moja ya Diani, na hoteli nzima walimwita Mama. Siku ya kwanza nilimwambia, "Habari yako." Akanitazama toka juu hadi chini.

"Kwenu hakuna shikamoo?"

"Ipo, Mama."

"Basi umeisahau kwenye gari la moshi. Rudi ukaichukue."

Baada ya muda alinitafutia kazi kwake, ya kusukuma mkokoteni wa mashuka machafu kutoka vyumbani na kuyarudisha yakiwa yamepigwa pasi. Watalii walikuwa wachache na kazi ilikuwa nyepesi. Saa ya chakula cha wafanyakazi Mama alikuwa akila matonge machache tu, ananawa, anasema, "Nimeshiba, alhamdulillahi." Wapishi walimtania kwamba anawatia aibu. Nami niliamini kwamba yeye ni mtu wa chakula kidogo, mpaka siku moja ya mapumziko, mchana, nilipokwenda uani kuteka maji.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, amepakata sufuria ya wali aliokuwa amewapikia binti zake na wajukuu waliotarajiwa jioni. Alikuwa akila kwa mkono, haraka, bila kutafuna vizuri. Usoni hapakuwa na raha hata kidogo. Nimeona wachukuzi wa bandarini wakiwa na uso ule, wamebeba gunia na hakuna pa kulitua. Wali ulipokwisha akavuta mkebe wa sukari. Hapo ndipo aliponiona.

"Funga mlango," alisema.

Nikaufunga, nikabaki nje na ndoo tupu. Jioni binti zake walikuta wali mwingine ukiwa mekoni, na nyumba inanukia udi.

Aliniambia mwenyewe siku kadhaa baadaye, tukikunja mashuka, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili. Huenda ilikuwa rahisi kwa sababu shuka lilikuwa katikati yetu.

"Si njaa, mwanangu. Njaa naijua, ukiipa inakwenda. Hii ukiipa inakaa kitako."

Ilikuwa imemkalia tangu wanawe wakiwa wadogo. Mume wake alikufa bila kujua. Waganga aliowaendea kwa siri, mbali na kwao, walisema ni pepo, Mama akapigiwa ngoma, pepo akapewa kila alichotaka, na bado. Alisomewa, akanywa kombe, maji yaliyooshea aya, na bado. Mwezi wa Ramadhani alifunga mchana kutwa bila taabu yoyote, lakini jua likizama aliogopa. Hakuwahi kumlaumu aliyemtibu. "Kila mmoja alikuja na alichonacho," alisema.

Hatimaye alimwendea daktari wa kliniki moja ya Ukunda, ambako kadi ya bima ya hoteli ilikubaliwa. Daktari huyo, Mswahili wa Mombasa, hakucheka wala hakumwambia apunguze wanga. Alimwambia kwamba ugonjwa ule upo, kwamba hata huko ng'ambo ndiyo kwanza wanaanza kuuelewa, na kwamba iko dawa ambayo si yake. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliolemewa na huzuni, lakini madaktari wameona inawafaa baadhi ya watu wenye shida kama yake. "Kwenye sanduku utasoma huzuni," alimwambia. "Usishangae."

Mwezi haukwisha tangu aanze kuimeza. Tulikuwa tukisubiri mashine imalize kuzunguka, naye akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala:

"Kumenyamaza."

"Nini, Mama?"

"Humu ndani. Nilikuwa sijui kwamba kuna kunyamaza."

Nimetembea sana baada ya hapo. Nimeona Ziwa Viktoria likitandikwa radi, nimeona theluji ya Kilimanjaro kutoka upande wa Loitokitok. Bado sijaona kitu kilichonitia kicho kama sura ya mwanamke yule mbele ya mashine ya kufulia. Kidonge kidogo, kilichofikiriwa na watu wasiojua Tiwi iko wapi, kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa, kilikuwa kimefika mahali ambapo ngoma na dua na aibu hazikufika. Hata daktari hakuweza kueleza kwa nini. Alisema, "Inafanya kazi," akanyanyua mabega.

Bima ililipa mara mbili, nadhani kwa sababu hakuna aliyeangalia. Mara ya tatu mtu fulani kule Mombasa aliangalia. Jibu lilikuja kwa meneja, naye akamwita Mama: dawa hii imesajiliwa kwa huzuni, na mgonjwa huyu daktari hakuandika kwamba ana huzuni; ugonjwa aliouandika haumo katika magonjwa tunayoyalipia; kwa hiyo hatulipi. Dukani dawa ya mwezi ilikula zaidi ya nusu ya mshahara wake. Alinunua mara moja. Mara ya pili hakuweza.

Akaenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, jamaa wa Machakos aliyekuwa mhudumu wa baa, mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa kuliko moyo. Mama alimwomba mambo mawili: awaombe watu wa bima wafikirie upya, na amsitiri, asitaje ugonjwa. Yote mawili aliyatimiza. Bima waliahidi kumtuma afisa. Kisha akasimama kwenye chumba cha chakula, akatutangazia sote:

"Wasee, Mama ni mgonjwa, na bima imemruka. Ugonjwa siwezi kusema. Lakini ni serious."

Pale pwani, na hata kwetu bara, ukisikia bima imemkataa mtu na ugonjwa hautajwi, unajua la kufanya. Unakwenda kumtazama. Na huendi mikono mitupu.

Walikuja siku ya Mama ya mapumziko, baada ya swala ya adhuhuri. Vidonge vyake vilikuwa vimekwisha na ule ukimya ulikuwa umeanza kumtoka. Aliniambia hivyo asubuhi, akaniomba nisiende mbali. Nilikuwa nimekaa barazani nilipowaona wanaingia uani. Wanawake wa kufulia nguo walikuja na mikate ya sinia na vitumbua. Wapishi wakaja na deste la wali wa nazi na samaki wa kupaka. Majirani walileta mahamri na mbaazi. Fundi wa mabomba, ambaye wazazi wake walikuwa na shamba walilogawiwa na serikali upande wa milima ya Shimba, alileta mkungu wa ndizi mbivu na kuku wawili waliokwisha kukaangwa. Mwakilishi wa chama alikuja mwisho, amebeba keki ya hoteli kichwani kama taji.

Mama alitoka chumbani amejitanda kanga. Aliona vyakula vimepangwa mkekani toka mlango hadi ukuta. Akashika mwimo wa mlango. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua anatazama nini. Kukataa sadaka ya mgonjwa ni kumpiga mtu kofi. Kuirudisha na chombo chake ni zaidi ya hapo.

"Kula kidogo, dada, upate nguvu," jirani mmoja mzee alimsihi, akimsogezea sahani.

Wakati huohuo afisa wa bima akabisha hodi. Alikuwa amevaa tai, amechubuka kisigino kwa kutembea kutoka barabarani. Aliuliza mgonjwa ni nani. Hakuna aliyemjibu mpaka akae, kwani mtu hawezi kuulizwa shida akiwa amesimama penye chakula. Wakamkalisha, wakamnawisha, wakamwekea wali.

"Nimekuja kikazi," alisema.

"Kazi na ushibe," mpishi alimjibu. "Kwani huko bima mnafunga?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliachia mwimo, akakaa chini mkekani, mbele ya vyakula vyote vile.

"Jamani," alisema. "Ahsanteni. Mola awalipe. Ugonjwa wangu ni huu mlioleta."

Hawakuelewa. Akawaeleza. Hakulia wala hakupamba. Aliwaambia kuhusu wali wa wajukuu, kuhusu sukari, kuhusu sufuria alizozisugua kabla watu hawajarudi. Aliwaambia kwamba matonge machache wanayomwona akila hotelini si adabu, ni woga.

Jirani mzee akavuta ile sahani pole pole, akairudisha upande wake.

"Basi sisi tumemletea moto mtu anayeungua," alisema.

"Hamkujua," Mama akamwambia. "Na harudi mtu na chombo chake kimejaa. Kuleni, mle chote. Mimi nitawanawisha."

Akainuka, akachukua birika na beseni. Akawa anazunguka kwa kila mtu, anamimina maji, na wao wakala, mwanzo kwa haya, kisha kama watu walio harusini. Maji yaliwarukia watu mapajani, nao wakaendelea kumnyooshea mikono. Mimi nililelewa kanisani na nimeona watu wakishuhudia mengi. Sijamwona mwingine akipita katikati ya kinachomtesa, akikihudumia, bila kukigusa.

Afisa alikula pamoja na wengine. Alipofikiwa na birika mara ya pili, alisema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu:

"Mama, nisikilize. Daktari akibadilisha neno moja tu, akaandika kwamba una huzuni, mimi mwenyewe nitaipitisha Jumatatu. Huzuni tunailipia."

"Sina huzuni, baba."

"Najua. Ni neno tu."

Mama aliweka birika chini.

"Mume wangu nilimficha. Watoto nimewaficha. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesema kweli mbele ya watu, na chakula hakijapoa. Unataka nianze uongo mwingine?"

Yule bwana alitazama mikono yake iliyolowa. "Basi sina njia," alisema.

"Najua. Umekuja kwa miguu mpaka hapa, hilo halikuwa jukumu lako. Malizia samaki."

Bima haikulipa. Hilo ndilo lililotokea, na aliyetarajia jingine hakuwa amewahi kushughulika na bima. Daktari wa Ukunda, aliposikia, alifikiri sana, kisha akamwandikia dawa nyingine ya huzuni, ya zamani na ya bei ndogo, iliyokuwa ikipatikana katika hospitali ya serikali kule Msambweni. Nayo haikuandikwa kwa ajili yake, lakini kule hapakuwa na bima ya kuuliza. Ilimkausha kinywa na kumtia usingizi juu ya mashuka. Ukimya wake haukuwa kama ule wa kwanza. "Huu ni wa chumba cha pili," alisema. "Nasikia watu wakinong'ona ukutani. Lakini hawaingii."

Kilichobadilika zaidi walikuwa wale watu. Sikutarajia. Nilidhani watamcheka, na wachache walimcheka. Lakini wanawake wa kufulia walianza kupokezana kuja kwake jua linapozama, saa aliyokuwa akiiogopa, wanakula naye, wanapiga porojo mpaka vyombo vioshwe. Walimtukana kwa mapenzi. "Leo nimekuja kukulinda, mwizi wa wali," mmoja alikuwa akiita tangu barabarani, na Mama anajibu kutoka ndani, "Ingia, polisi, umechelewa." Jambo alilolificha nusu ya maisha lilikuwa limegeuka utani wa mlangoni.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa popote kabla. Kisha hoteli ikafunga mrengo mmoja kwa kukosa wageni, sisi wa mikokoteni tukawa wa kwanza kuambiwa ahsante, na miguu yangu, nikiri, ilikuwa imekwisha kuanza kuwasha.

Siku niliyoondoka ilikuwa siku yake ya kwenda Msambweni kuchukua dawa. Tulifuatana hadi Kona ya Musa, pale Ukunda, ambako yeye angeelekea kusini nami nilikuwa na vitu vya kununua kabla ya kurudi kaskazini kwenye kivuko. Tukaingia katika hoteli ndogo, zile za chai, tukaagiza chapati na maharage.

"Jana ilinishinda," aliniambia, wazi wazi, mbele ya mhudumu anayepangusa meza. "Wote walikuwa kwenye msiba kule Waa. Nilikula mkate mzima na jamu."

"Na leo?"

"Leo ndiyo kwanza asubuhi."

Alikula polepole huku akiniusia nisilale Nairobi na pesa mfukoni, nisioe mwanamke asiyemwamkia mama yangu. Nusu ya chapati ilibaki. Aliitazama kidogo, kisha akainuka, akaenda kunawa kwenye bomba la nje, akaniita tuondoke. Nilibaki nimekaa nikiitazama ile nusu ya chapati juu ya sahani ya plastiki, mpaka mhudumu akaja kuichukua.