Bahari Baada ya Kuku

Binti yangu anayesoma chuo kikuu pale Kibabii alikuja nyumbani Kitale juzi, akaniwekea simu mbele ya uso nikiwa ninachambua maharagwe. Kwenye simu kulikuwa na kijana mmoja mwenye miwani ya jua anayewafundisha watu jinsi ya kutembea Mombasa kama mwenyeji. Kula viazi karai hapa, panda tuktuk pale, usiende ufuo ule wa watalii, nenda huu. Binti yangu na wenzake wanataka kwenda huko wakifunga chuo. Akaniuliza kwa ule upole wa mtoto anayetaka kitu, "Mama, si wewe ulienda Mombasa ukiwa mdogo? Wenyeji walikuwa wanaenda wapi?"

Nikacheka, kisha nikajikuta nimekasirika, na hasira yenyewe ina umri wa kumpita huyu mtoto. Maana nilienda Mombasa, rafiki yangu, tena nikatembea kama mwenyeji kabisa. Shida ni kwamba nilitembea kama mwenyeji wa Bungoma.

Nilikuwa darasa la tano. Nyanya yangu, mama ya baba, ambaye kwa Kibukusu tulimwita Kukhu, aliishi Mabanga, na likizo ile ya Agosti aliamua kumtembelea binti yake aliyekuwa nesi Mombasa. Huyo ndiye Senge wangu, yaani shangazi. Kukhu hakutaka kusafiri peke yake, na kati ya wajukuu wote ni mimi tu niliyekuwa sitapiki kwenye gari. Basi nikachaguliwa, na nikaringa shule nzima. Katika darasa letu hapa Kitale hakuna aliyewahi kuiona bahari. Wengine walibisha kwamba maji yanaweza kuwa na chumvi bila mtu kuitia. Mwalimu wa darasa, ambaye hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo, alinisimamisha siku ya kufunga shule akasema muhula ukianza nitakuja mbele niwaeleze wote bahari iko vipi, nayo maji yake yana ladha gani. Mimi sikuwa mtoto wa kujulikana kwa lolote. Sikuwa wa kwanza, sikuwa wa mwisho, wala sikujua kuimba. Bahari ndiyo ingeniokoa.

Kukhu alifunga safari kama anayehamia jangwani. Alibeba unga wa mahindi mzigo mzima, njugu, uyoga mkavu, mboga chungu ya saga iliyokaushwa juani, na kuku watatu ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Baba alipomwambia kwamba Mombasa kuna chakula, Kukhu alimwangalia kwa huruma. Wale kuku walilalamika njia nzima, na abiria wakawa wananiangalia mimi kana kwamba ndimi niliyewataga.

Senge alikaa Changamwe, vyumba viwili katika nyumba ndefu yenye ukumbi katikati na wapangaji kila upande. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kiswahili aliyekaanga mahamri alfajiri pale uani, na kando yake sufuria ya mbaazi za nazi ikichemka polepole. Ile harufu ya iliki ilinitoa kitandani kabla jua halijatoka. Nikawa nimekaa mlangoni, nakula kwa pua, halafu sauti ya Kukhu inaniita ndani ninywe uji wa wimbi. Uji wa moto, katika lile joto! Nilipoonyesha mahamri kwa kidole, Kukhu alisema, "Hiyo ni ya kudanganya tumbo."

Siku ya kwanza nikauliza tunaenda lini baharini. Senge akasema kesho. Kesho yake nikauliza tena, na hapo ndipo Kukhu aliponisomea sheria. "Tukionekana huko kwa maji kabla ya kusalimia watu, watu watasema nini? Ati nimepata nafasi ya kuangalia maji na kwao sikufika? Hiyo maneno itafika Mabanga mbele yangu." Kwa hiyo watu kwanza, bahari mwisho. Mimi nikaona ni sawa. Nikadhani watu wa kwetu walioko Mombasa wanaweza kuisha.

Hawaishi. Nakuambia hawaishi. Unaingia nyumba ya watu wa Mabanga kule Mikindani, unawakuta wameita jirani yao wa Chwele aje amwone mama aliyetoka nyumbani, na kabla chai haijapoa yule wa Chwele ashauliza, "Na kwetu je, ni lini?" Ukienda kwake unamkuta mwingine wa Kimilili, ambaye naye ana shemeji Magongo, na huyo shemeji ameshasikia. Huwezi kumruka hata mmoja. Na huwezi kuingia, ukasalimu, ukatoka. Mgeni kutoka nyumbani huchinjiwa kuku, na kuku akichinjwa sharti aliwe, na kumla kunachukua siku nzima, maana kwanza lazima akimbizwe, anyonyolewe, achemke, na wakati anachemka watu wazima waulizane mvua ya Bungoma imeshika au bado.

Nyumba zote zilikuwa moja. Makochi yenye vitambaa vya kufuma, kalenda ukutani, maombi marefu, ugali mkubwa katikati ya meza. Nani amefariki, nani ameoza binti, nani ameuza ng'ombe wa babake akapotelea Uganda. Kukhu alirudia habari zilezile nyumba hadi nyumba, na kila mahali zikapokewa kwa mshangao mpya. Mimi niliwekwa kwenye kigoda, nikapewa shingo na miguu ya kuku kama ilivyo haki ya mtoto, nikawa natazama dirishani. Upepo ulikuwa unaingia na harufu ya chumvi. Bahari ilikuwa hapo, nyuma ya mabati ya watu, na mimi nilikuwa nikisikiliza habari za mbolea.

Na usinitajie Makupa. Siku moja tuliitwa kisiwani, na tulipokuwa tunavuka maji kwa barabara ya pale Makupa, Senge alinigusa bega akasema, "Si hiyo sasa, bahari yako." Nikageuka kwa pupa. Maji yalikuwa yamekupwa. Niliona matope meusi, na mbele kidogo kijito cha maji yaliyosimama. Nilikuwa nimeambiwa bahari haina mwisho. Ile ilikuwa na mwisho, na ng'ambo yake palikuwa na matangi ya mafuta. Nikamwambia Senge hata mto Nzoia pale Moi's Bridge ni kubwa kuliko hiyo, akacheka sana, nami nikanuna hadi jioni.

Yule mama mwenye nyumba ndiye peke yake aliyeniona. Kila tulipotoka asubuhi tumevaa nguo za kanisani alisimama na mwiko wake mkononi akamwambia Kukhu, "Bibi wee, huyu mtoto kaja kutazama bahari ama kaja kula kuku?" Kukhu alimjibu kwa heshima kwamba tutaenda, mama, tutaenda tu. Hata leo nikikumbuka nakasirika. Tungeweza kwenda alfajiri! Tungetoka na giza, tukatazama, nikaonja, tukarudi kabla hao watu wa Magongo hawajaamka. Hakuna aliyefikiria. Nilipendekeza, nikaambiwa mtoto haongei hivyo.

Mwishowe Senge akatenga Jumamosi. Jumapili tulikuwa na basi la kurudi, kwa hiyo Jumamosi haikuwa na mjadala, nyumba zote zilikuwa zimekwisha kusalimiwa. Asubuhi hiyo Kukhu mwenyewe alinipaka mafuta miguuni. Alivaa viatu vyake vya harusi za watu. Tulikuwa tumefika mlangoni, kibeti chake kiko kwapani, tulipomwona mwanamke mwembamba aliyejifunga leso anakuja ukumbini akiangalia mlango mmoja mmoja.

Senge alikakamaa. Mimi nilijua baadaye kidogo, kwa minong'ono yake, kwamba huyo alikuwa mke wa mtu wa Mabanga, jirani kabisa ya Kukhu. Mume alikuwa amefariki, naye alimzika hukohuko pwani kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa ameomba hivyo. Unajua kwetu jambo hilo lilivyo. Mtu wetu hulala kwao. Tangu siku hiyo watu wa nyumbani waliacha kuingia nyumba yake, na katika mizunguko yetu yote hakuna kinywa kilichomtaja.

Hakuingia ndani. Alisimama palepale akasema, "Mama, nilisikia umekuja. Nikangoja. Naona siku inaisha. Nimechinja kuku."

Senge akawahi kujibu. "Pole, lakini leo ni ya mtoto. Tumemuahidi bahari, na kesho wanasafiri." Likizo nzima bahari yangu haikuwa hoja kwa mtu yeyote, na sasa ghafla Senge alikuwa ameishika kama ngao. Sikujali sababu. Nilimshika Kukhu mkono nikaanza kumvuta.

Kukhu alinitazama, kisha akamtazama yule mama. Akatoa mkono wake mkononi mwangu.

"Kuku imechinjwa," akasema, na akatangulia.

Nililia hadi Port Reitz. Nililia kwa sauti, makusudi, watu wageuke. Ile nyumba nilipoingia niliichukia, nayo ilikuwa imefagiliwa hadi inang'aa. Alikuwa ameazima viti kwa majirani, akavipanga ukutani kote kama anayengoja watu wa matanga, na sahani zimepangwa mezani nyingi. Tulikuja watatu, na mmoja wetu alikuwa amenuna. Senge alikula kidogo kwa adabu. Mimi nilikataa hata shingo. Kukhu akala. Akala polepole, akaongezwa ugali, akafyonza mifupa, akamuuliza yule mama kwa Kibukusu mume wake alikuwa anaumwa nini, nani alikuwa naye siku ile, na walimwimbia nini. Yule mama akajibu swali moja moja. Nadhani hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumuuliza. Kulipoanza kuingia giza Kukhu akamwambia, "Kesho uje unisindikize kwa basi," kana kwamba anamwomba msaada wa kubeba katoni.

Akaja. Kituoni walikuwepo wale wote waliotuchinjia, wamekuja kuaga na vifurushi vya nyumbani, na walipomwona wakaanza kukagua kamba za vifurushi vyao. Kukhu alimshika mkono, akawa anazunguka naye akiaga mmoja mmoja, na ukimpa Kukhu mkono ilikuwa lazima umpe na yule aliye kando yake. Mimi nilikuwa dirishani nimekunja uso. Niliyaona yote hayo na hayakunihusu.

Muhula ulipoanza mwalimu hakusahau. Nilisimama mbele nikasema ukweli, kwamba sikuiona, ila yale matope ya Makupa tu. Darasa lilicheka mpaka mwalimu naye, ambaye nimekwambia hakuwa mtu wa kutabasamu, akageukia ubao mabega yakitikisika. Mtu anaendaje Mombasa asiione bahari? Waliniita Makupa hadi darasa la nane. Kukhu naye, kule Mabanga, alipoulizwa kuhusu safari alijibu kila mtu vilevile, "Mombasa ni kuzuri. Watu wote wako." Alirudi huko mara mbili zaidi, na alikufa bila kuiona bahari. Siku ya mazishi yake yule mama wa Port Reitz alifika kutoka pwani, na ni wale wale waliokuwa wakimkwepa waliomwachia nafasi mbele.

Sasa hakuna tena nyumba hizo. Senge alistaafu, amejenga pale Kibabii, anapangisha wanafunzi vyumba, na analalamika kwamba hapa nyumbani watu hupiga simu kwanza kabla ya kuja, na wakija hawaketi. Wa Mikindani alihamia kwa wanawe Nairobi. Wa Magongo alirudi kwao ndani ya sanduku. Ile nyumba ndefu ilibomolewa, na yule mama wa mahamri sikuwahi hata kujua jina lake.

Bahari nimeshaiona. Nilipoanza kupata mshahara wangu nilikwenda kwa hasira, nikaingia nayo hadi magotini na viatu vyangu mkononi, nikaionja, nikatema. Ni nzuri, sina neno. Nimeipeleka familia yangu, tukakaa hoteli inayoitazama, tukaamka nayo na kulala nayo. Mwaka jana nilirudi tena, peke yangu, kwa mkutano wa kazi. Jioni nilikaa ufuoni nikala mahamri niliyotaka, kwa wingi niliotaka, na hakuna aliyenizuia.

Binti yangu bado ameshika simu, anangoja nimwambie wenyeji huenda wapi. Nimemuuliza wana mtu gani huko wa kuwapokea. "Hatuna mtu, Mama," amenijibu akitabasamu, "ndio raha yenyewe." Nimemkaripia, kisha nikashindwa kueleza namkaripia nini. Ningemwambiaje? Kwamba mwaka jana nilikaa Mombasa juma zima, nikaitazama bahari mpaka nikashiba, nikaondoka, na katika mji wote ule hakukuwa na hata mtu mmoja wa kuninunia kwamba sikufika kwake.