Dakika Tano za Kumlilia Mama

Kaka yangu Kisimba alikuwa na miaka thelathini na sita daktari wa Lubumbashi alipoipa hali yake jina: otizimu, yaani usonji. Alimhoji siku mbili, kisha akaniuliza mimi, dada yake, habari za utoto wake. Nikamwambia kwamba hakupenda kuguswa, kwamba alipanga vizibo vya chupa kwa rangi mpaka chakula kikapoa, kwamba shuleni walimwita Mashine. Daktari akasema si ugonjwa wa kutibiwa wala si pepo. Alizaliwa hivyo.

Nililia ndani ya basi mpaka kwetu Kolwezi. Kisimba alifurahi. Aliikunja karatasi ya daktari mara nne, akaitia mfukoni mwa shati, na kila asubuhi aliisoma kabla ya kwenda kazini. Alikuwa mchagua mawe kwenye depo moja ya kununua madini upande wa Mashamba. Alilipima jiwe kiganjani akasema hili lina shaba, hili ni udongo tu, na hakukosea. Pale walimheshimu.

Mama yetu hakuipokea karatasi. Alifunga siku ishirini na moja, akiomba mwanawe afunguliwe.

"Mama, mi sikufungwa," Kisimba akamwambia. "Kula."

Mama akacheka, akala, na kesho yake akaanza kufunga tena. Mwezi wa tano presha ilimpanda akiwa anafua nguo, akafa kabla ya saa sita mchana.

Kwetu, kila kundi la waombolezaji linapoingia uwanjani, watoto wa marehemu huangua kilio upya, na mkubwa ndiye wa kwanza. Asiyelia huulizwa kwa nini. Kila mtu anajua swali hilo linaelekea wapi: huyo ndiye aliyemla kwa uchawi.

Kisimba hakulia. Alikuwa anapanga viti vya plastiki, vyeupe na vyeupe, vya buluu na vya buluu. Mjomba wetu Kabemba alikuwa anamtazama. Nikaogopa, nikamwita yaya, kaka yangu mkubwa, nyuma ya jiko.

"Yaya, inafaa ulie."

"Machozi inakatala."

"Basi funika uso, tikisa mabega, sema mama, mama."

"Muda gani?"

"Minute tano."

Mungu anisamehe. Nilimfundisha uongo mtu ambaye hajawahi kudanganya hata kuhusu jiwe.

Wanakwaya wenzake mama walipoingia wakiimba, Kisimba alipiga magoti mbele ya jeneza, akafanya sawasawa nilivyomwonyesha. Mama Chancelle, kiongozi wao, akasema, "Lia, mutoto wetu, lia." Nikamshukuru Bwana. Kisha kaka akashusha mikono. Uso ulikuwa mkavu. Akatazama saa yake, akapaza sauti hadi nilipokaa:

"Fidélie, minute tano imeisha. Inatosha ao niendelee?"

Wimbo ukakatika. Mwanamke mmoja akacheka, halafu akaziba mdomo kwa kitenge.

"Munasikia?" mjomba akasema. "Kilio ya saa! Mama alimufungia siku makumi mbili na moja, yeye anamupimia minute!"

Kisimba akatoa karatasi. "Tata mujomba, soma. Nilizaliwa hivi."

"Karatasi njo italilia dada yangu? Toka mu parcelle!" Akamwonyesha lango la uwanja. "Hautagusa udongo yake."

Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema ni mimi niliyemfundisha. Lakini nikaona macho yote yakinigeukia, nikajua watasema tulimla wawili. Nikafunga kinywa.

Makaburini tulitupa udongo kila mmoja, hata wajukuu wa jirani. Kaka alisimama ng'ambo ya barabara, kati ya pikipiki za taxi-moto, mpaka shimo likajaa.

Sasa analala depo. Mjomba nimemwendea mara tatu kumwomba kaka arudi nyumbani. Anasema atazungumza na wazee. Pasta anasema tuombe, na ninaomba. Kila Jumapili baada ya ibada nampelekea kaka chakula, bukari na sombe. Karatasi haisomi tena. Siku zote amevaa shati lile lile, lile ambalo mama alikuwa analifua siku ile. Kwenye kola kuna alama nyeupe ya sabuni ambayo haikusuuzwa, na hakubali nilioshe.

Jumapili iliyopita alinawa mikono, akaketi, asiguse chakula.

"Fidélie, kama ningefanya minute kumi, bangeniacha nimuzike mama?"

"Sijui, yaya."

Akaendelea kunitazama, akingoja jibu lingine.