Siku Niliyowashusha Wanawake Kwenye Trela

Mimi ni mkaidi, na sitaki msamaha wa mtu kwa hilo. Nimeendesha trekta yangu huku Ruiri miaka mingi kuliko wengi wanaonifundisha jinsi ya kuiendesha. Bado kila msimu wa viazi lazima mwanamume fulani asimame kando ya barabara, mikono mfukoni, anione nimeinama nyuma ya trekta nikifunga minyororo ya trela, kisha aulize, "Kwani hiyo trela itatoroka?" Walinipa hata jina la utani kwa sababu ya hiyo minyororo. Sitaliandika hapa, maana waliolitunga watafurahi.

Kufunga trela ni hivi, na nitaeleza kwa sababu watu hawajui na hawataki kujua. Trela inashikwa na trekta kwa pini moja tu, chuma kinene kidogo kuliko kidole gumba, kinachopita kwenye tundu la mkono wa trela, yaani chuma kirefu kinachotokeza mbele yake. Pini ikiruka, basi. Kwa hiyo nina minyororo miwili. Wa kushoto naupeleka kulia, wa kulia naupeleka kushoto, ipishane chini ya ule mkono, ili mkono ukianguka udakwe hapo, usichimbe barabara na kupindua mzigo. Zaidi ya hayo, fundi mmoja wa Nkubu alinichomelea breki kwenye trela, inayovutwa na waya uliofungwa kwenye mwili wa trekta. Waya huo unaachwa ulegee kuliko minyororo. Minyororo ikikatika, waya unavutika, breki inashika magurudumu, kisha waya wenyewe unakatika. Usiufunge kwenye pini! Nimeona watu wazima, wenye ndevu, wakiuvalisha kwenye pini ati usipotee. Sasa pini ikienda, si na waya umeenda nayo? Heh!

Sikuzaliwa nikijua haya. Zamani sikuwa na mnyororo hata mmoja. Pini niliyouziwa na trela ilipotea shambani, nikachukua kipande cha nondo, nikakikunja kichwa kwa nyundo, nikakichomeka. Kila mtu alifanya hivyo, na wanafanya mpaka leo. Siku hiyo tulikuwa tunapanda kutoka mtoni na magunia ya viazi, na juu ya magunia alikaa wifi yangu, mke wa kaka yangu, mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Tukapita kwenye shimo. Nikasikia trekta imekuwa nyepesi, injini ikapandisha sauti, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani tumemaliza mlima. Nilipogeuka, trela ilikuwa inarudi nyuma yenyewe, inashika kasi, na wifi yangu amekumbatia gunia, ananiangalia. Ilipindukia kwenye kalavati. Alikufa kabla hatujamtoa chini ya viazi.

Nyumbani likasemwa neno moja: ajali. Mungu alimpenda zaidi. Kaka yangu hakuniuliza habari ya pini hata siku moja, nami sikumwambia. Mtoto wao alikuwa na miaka sita. Mimi sikuwa nimeolewa, na sijaolewa, ninakaa kwenye shamba la baba yangu na nyumba yangu mwenyewe. Nikamchukua. Nilimpikia, nilimpiga alipostahili kupigwa, nikakaa naye hospitalini wiki mbili alipougua homa ya mapafu. Alijua mama yake alikufa kwa ajali. Kama aliwahi kusikia zaidi huko kijijini, hakuniambia, na mimi nilinyamaza kama mwoga. Ndiyo, mwoga. Miaka yote hiyo nilikuwa hodari wa kufunga minyororo tu.

Sasa mtoto akawa mwanamume, akapata msichana ng'ambo ya bonde, kilomita kama tano kutoka kwetu. Tukapanga kupeleka ruracio, yaani mahari. Mambo yakagawanywa: kaka yangu atatangulia na fahali kwenye pikapu, kijana na marafiki zake watakuwa na gari dogo, na mimi nitawabeba wanawake wa kanisa kwenye trela pamoja na ndizi, blanketi, mtungi wa asali na tangi la maji la mama mkwe. Saa nne tuwe langoni. Wakwe wa upande ule hawana mchezo na saa. Ukichelewa wanafunga lango, mnaimba nje mpaka sauti zikauke, na mkifunguliwa mnapigwa faini mbele ya watu.

Asubuhi wanawake walikuwa wamepanda tayari, kumi na saba, wote na leso za rangi moja, wimbo umeshika moto. Nikaenda nyuma ya trekta kufunga. Minyororo haipo. Nikatafuta chini ya kiti, kwenye sanduku la spana, ghalani. Haipo. Nikampigia kaka yangu simu.

"Aah, ile cheni? Ng'ombe ilikata kamba asubuhi, nikaifunga na yako."

"Zote mbili?"

"Si umeona hiyo ng'ombe ni kubwa. Tumekaribia kufika, na nikiifungua hapa itatoroka. Si uko na ile waya ya breki? Endesha tu pole pole."

Nikakata simu kabla sijamtukana, maana ni mkubwa wangu. Nikaketi kwenye mkono wa trela na nguo yangu mpya. Minyororo yangu iko shingoni mwa ng'ombe! Njia ya kwenda huko inateremka mpaka mtoni, halafu inapanda mlima mkali kuliko ule wetu. Waya wa breki peke yake haudaki mkono wa trela ukianguka. Na juu ya trela si viazi. Ni watu.

Mzee aliyekuwa msemaji wetu, binamu wa marehemu baba, akaja na fimbo yake. "Washa twende."

"Hatuendi. Sina minyororo."

"Tutafunga na kamba."

"Kamba ya nini? Ya katani? Mzee, hii trela ikiwa tupu inazidi tani moja."

"Basi blada. Tukate tyubu ya gurudumu, tufunge mara nne."

"Ng'o!"

Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka juu, "Tuombe, twende, Mungu yuko." Nikamwambia tuombe, tena tuombe sana, lakini akiwa ameshuka chini. Wenzake wakacheka, yeye akanuna. Mzee hakucheka. Alisema kama nimeshindwa nimpe ufunguo kijana yeyote anayejua trekta aendeshe. Hapo damu ikanipanda kichwani. Nikachomoa pini kutoka kwenye tundu, chuma kile na grisi yake yote, nikaitia kifuani, ndani ya sidiria.

"Iko hapa. Anayeitaka aje aichukue."

Mzee akageuza uso akaangalia Mlima Kenya. Hakuna aliyekuja.

Ndipo kijana wangu akatoka kwenye gari dogo. Alikuwa amevaa suti, shati limenyooka. Nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe. Akaja karibu, akainama, akasema kwa sauti ya chini watu wasisikie, "Shangazi, tafadhali. Leo tu. Tutachelewa, wataniaibisha."

Hayo mengine yote nilikuwa nimeyakataa bila shida. Hili liliniuma. Nilimwona ana miaka sita, nikamwona na suti, nikamwambia, "Hapana. Hata wewe ukiniomba, hapana." Akanitazama kama mtu asiyenijua, akarudi kwenye gari, akafunga mlango kwa nguvu, wakaondoka.

Basi tukatembea. Nilikaa nimesimama mbele ya trela na mikono kiunoni mpaka mwanamke wa mwisho akashuka. Tulibeba ndizi kichwani, blanketi mgongoni, asali tukaishika kwa zamu. Tangi likabaki juu ya trela, hatukuwa na la kulifanya. Kuna waliosema maneno njiani. Nilisikia "mwanamke asiye na bwana huwa na kiburi," na nikajibu kwa sauti kwamba kiburi ninacho, na miguu wanayotembelea bado wanayo pia, kwa hiyo waiongeze mwendo. Viatu vya wengine vilikatika. Jua lilikuwa limepita utosini tulipofika, na lango limefungwa.

Tuliimba. Tuliimba tena. Walipotufungulia, kaka yangu alikuwa ameketi ndani kwa wakwe tangu asubuhi, uso umeiva kwa aibu, na fahali amefungwa kwenye mti na minyororo yangu miwili. Kijana alikuwa kando yake, macho chini. Msemaji wa wakwe akasimama, akauliza kwa upole ule wa mtu anayejua ameshakupata: wageni wetu, ni jambo gani limewachelewesha namna hii?

Mzee wetu akakohoa. Akaanza kusema mambo ya gari, barabara, unajua wanawake, kuna dada yetu mmoja ambaye ana tabia yake. Watu wakaanza kucheka. Kaka yangu naye akatabasamu kidogo. Lile tabasamu ndilo lililoniinua.

Kwa desturi, siku hiyo wanazungumza wasemaji peke yao, na mwanamke wa upande wetu hasimami kabisa mpaka aulizwe. Mimi nilisimama.

"Tumechelewa kwa sababu yangu," nikasema. "Trela haikuwa na minyororo, nikakataa kuwabeba watu. Mama ya huyu kijana aliuawa na trela yangu. Dereva nilikuwa mimi. Pini ilikuwa kipande cha nondo nilichokikunja na nyundo kwa mikono yangu hii, na mnyororo haukuwepo. Nyumbani tulisema ni Mungu. Si Mungu, ni mimi. Kwa hiyo faini pigeni, mtakavyo. Lakini mkinirudisha asubuhi ya leo mara mia, nitawashusha mara mia."

Kaka yangu aliangalia mikono yake. Kijana akainua uso, akaniangalia, na mimi sikukwepa. Nilikuwa nimemnyima ukweli miaka yote, halafu nikampa siku ya furaha yake, mbele ya wakwe. Nilijua anaweza kuinuka aende zake, asinisalimie tena maisha yake yote, na hakuna wa kumlaumu. Sikuketi.

Msemaji wa wakwe alikuwa na karatasi ya faini mkononi, hajui aiweke wapi. Ndipo mama yake msichana akasimama katikati ya wanawake wenzake. Ni mama mfupi, na mpaka hapo hakuwa amesema neno. Hakunitazama mimi. Alimtazama kijana.

"Wewe. Binti yangu akija kwenu, siku ya kwenda shamba atapanda trela ya nani?"

Kaka yangu akafungua mdomo ajibu. Mama akamwinulia kiganja. "Nimeuliza kijana."

Nilisikia kuku, nikasikia sufuria zikigongana huko jikoni. Kijana akajifuta uso na mkono wa suti, ile suti niliyomwambia asiichafue.

"Ya shangazi," akasema.