Mtoe Farasi Kabla ya Malkia

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipompoteza malkia wangu kabla chai haijapoa kikombeni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sidhani mjini Kakamega palikuwa na kijana aliyejiamini kama mimi mbele ya ubao.

Ujue kwanza nilikotoka. Mimi nililelewa na drafti, ile ya vifuniko vya soda, inayochezwa kando ya soko huku watazamaji wakipiga kelele. Katika drafti, kete ya mwenzako ikiwa wazi ni lazima uile. Ukikataa, yako huondolewa ubaoni. Kwa miaka minane mkono wangu ulijifunza kula bila kuuliza. Nilipohamia sataranji, nilihama na mkono huo huo. Nilikuwa nikimtoa malkia mapema, nikizoa askari wa wachezaji wachanga, nikishinda na kusifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na langu lilikuwa limebaki maji matupu.

Tulikuwa tukicheza katika ukumbi wa kanisa chini ya uongozi wa Mama Khavere, fundi cherehani aliyezaliwa katika mashamba ya mahindi ya Lugari. Timu ya watu wanne ilitakiwa kwenda Lumakanda kucheza na wenzetu wa huko. Nafasi tatu zilikuwa zimejaa. Ya nne ilikuwa kati yangu na Injendi, kijana mkimya wa Lubao niliyezoea kumwita Bwana Polepole. Mama akaamua: kila mmoja wetu acheze naye mara moja, na atakayedumu zaidi ndiye atakayesafiri. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wote wa sokoni kwamba nafasi ni yangu. Hata mama yangu mzazi alikuwa amenipigia shati pasi.

Nikatangulia mimi kabla ya Injendi, na kete nyeusi. Mama alisogeza askari wa mbele ya malkia, na katika hatua yake ya pili akamtoa farasi wa upande wa malkia. Kisha akamtoa askofu wa upande huo huo, kisha askari mwingine hatua moja. Hakuna alichoshambulia. Mimi katika hatua ya nne nilimtoa malkia, akamtazama askari wa Mama aliyeachwa bila mlinzi. Mama akasukuma askari wa pembeni kabisa mraba mmoja, kama mtu anayepangusa vumbi.

Rafiki yangu Shikuku, aliyenifuata kutoka sokoni, alishindwa kujizuia.

"Kula! Kula, wewe! Mama amesinzia!"

"Shikuku, hapa si sokoni," Mama alisema bila kuinua macho.

Nikala. Mama akamchukua yule farasi wake, akamweka ukingoni mwa ubao, karibu na malkia wangu. Nikatafuta mraba wa kukimbilia. Huku askari, kule ngome, nyuma farasi mwenyewe. Nikahesabu tena kwa kidole.

"Mama, sasa huyu atatokea wapi?"

"Tafuta tu, mwanangu. Muda upo."

Sikupata. Nikamlaza mfalme wangu kukubali kushindwa, baada ya hatua sita.

Mama hakunicheka. Alimgusa farasi wangu wa upande wa malkia, aliyekuwa bado amejibanza kando ya ngome pale alipopangwa.

"Wewe ni mtu wa hapa," alisema. "Palizi ikifika, umewahi kuona mama mwenye nyumba anatumwa shambani peke yake, na vijana wake wamelala?"

"Sijaona, Mama."

"Na huyu aliyelala hapa ni nani?"

"Huyo ni mimi siku ya palizi!" Shikuku akadakia, ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

Injendi naye alishindwa, lakini baada ya saa nzima. Aliwatoa farasi wote wawili kabla ya kumgusa malkia. Akasafiri yeye. Kazi ngumu ilikuwa kumweleza mama yangu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumatatu nilikwenda kwenye cherehani ya Mama Khavere, nikaomba kufundishwa. Akanipa sharti moja: michezo hamsini, malkia asiguswe mpaka farasi wote wawili wametoka. Niliandika kila mchezo daftarini. Kufikia wa ishirini nilianza kuona nilichokuwa nimekipuuza. Farasi wa upande wa malkia akitoka mapema, huchunga miraba miwili ya katikati na hufungua njia ya mfalme kujificha upande huo. Naye malkia akitoka baadaye, hutoka akiwa na watu wake.

Nisikudanganye, hii si sheria ya chuma. Farasi huyo akisimama mbele ya askari wa askofu humzuia kusonga, na iko mianzo ambayo askari huyo lazima atangulie. Usikariri, kila hatua iulize kazi yake.

Basi, mwanangu unayejifunza kwenye simu na kumaliza michezo kumi kabla ya uji, nasaha yangu ni hii. Chagua mwanzo unaomwamsha farasi wa upande wa malkia mapema, na ukae nao mpaka uujue. Ukiona kete imeachwa wazi, ondoa mkono ubaoni kwanza, uulize mwenzako anataka nini kwa kuiacha. Ukishindwa, andika ulivyoshindwa, kisha umsalimie aliyekushinda kwa jina lake la heshima, si la utani.

Mungu akupe jicho la kumwona aliyesahauliwa pembeni, akupe subira ya kumngoja, na akupe wa kukukosoa ungali kijana.