Maji ya Kisima cha Kibwana

Mwanawetu alimuua mumewe kwa kibuyu cha maji.

Sumu haikuwamo. Yalikuwa maji safi ya kunywa, ya kisima cha pale pale nyumbani, na ubaya wote ulikuwa hapo.

Tulieni niwape mkasa. Mwanawetu ndiye aliyemzaa bibi yangu, watu wa Ngorongo sisi, na haya aliyasema kwa kinywa chake kabla hajafumba macho. Anayetaka kubisha abishe, ila amalize kusoma kwanza.

Ulikuwa mwaka wa Vita vya Maji Maji, mwezi mmoja hivi kabla mambo hayajalipuka.

Mjerumani alikuwa amewashika watu pabaya. Shamba la pamba la jumbe lilitaka watu kila siku ya Mungu. Asubuhi majina yanaitwa, na asiyeitika analazwa kifudifudi anakula viboko. Kibwana, mume wa Mwanawetu, alikuwa amelazwa mara mbili. Mgongo wake ulikuwa hautazamiki.

Ndipo maneno yakaanza kupita chini kwa chini. Kuna bwawa, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Ukinywa maji yake, risasi ya Mjerumani haikupati.

Bwawa lenyewe watu hawakulitaja jina. Walisema tu "kule".

"Fulani yuko wapi?"

"Kaenda kule."

Basi, unaelewa, unanyamaza.

Kibwana akawa haongei kingine. Lakini angekosekana shambani siku nne, wangemfuata na kamba.

"Nenda wewe," akamwambia mkewe. "Wakiuliza, nitasema umekwenda kumuuguza shangazi yako."

Mwanawetu alikuwa na mimba ya miezi mitatu, kila asubuhi anatapika. Akafunga kibwebwe akaenda.

Kule, alivyosimulia, hakukuwa na cha ajabu cha kutazama. Bwawa dogo, mvuke mwepesi unapanda asubuhi, vitambaa vyeupe vimefungwa kwenye matawi. Watu walikuwa wengi lakini hakuna aliyepaza sauti. Wasiofahamiana walikuwa wanamegeana muhogo wa kuchoma. Alipotia miguu kwenye yale maji ya uvuguvugu alijikuta analia, na wala hakujua analia nini. Alisema hajawahi kujisikia mwepesi vile tangu azaliwe.

Mzee wa kule akamjazia kibuyu.

"Ya nani haya?"

"Ya mume wangu."

"Anayeyanywa ndiye anayekingwa, mwanangu. Usiyaweke chini. Usimpe mwingine njiani, hata akuangukie miguuni."

Mwanawetu akaitikia. Akaondoka amekikumbatia kibuyu kama mtoto.

Siku ya pili ya kurudi, jua la saa saba likamkuta penye uwazi usio na hata kichaka. Maji yake ya njiani yalikuwa yamekwisha tangu asubuhi. Ulimi ukakauka, macho yakaanza kuona giza.

Akajisemea, tone moja tu, la kulowesha mdomo.

Jamani, mwenye kiu na mimba juu hajui tone moja. Alipokiondoa kibuyu mdomoni, kilikuwa kitupu.

Alikaa chini pale njiani akajishika kichwa. Arudi kule? Siku nne zingekwisha, uongo wa shangazi ungejulikana, na Kibwana angelazwa tena. Akatembea mpaka nyumbani. Kabla ya kuingia ndani alipitia nyuma, kisimani, akajaza.

Kisima kile alikichimba Kibwana kwa mikono yake mwaka waliooana, ili mkewe asiende kuchota mtoni kwenye mamba. Maji yake yalikuwa na magadi kidogo, lakini mwanamke harudi na alama za meno.

Kibwana alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, mama yake, Semeni, akiwa amekaa pembeni anapepeta mchele. Akasema bismillahi. Akanywa yote.

Akamtazama mkewe.

"Umechoka," akamwambia. "Kalale."

Vita vilipoanza, Kibwana akaondoka na wenzake alfajiri. Siku ya tisa akarudi Mshamu, mdogo wake, peke yake. Kibwana alikuwa wa kwanza kuanguka. Risasi moja tu, ya kifua.

Sasa mtasema, mbona hata waliokunywa maji yenyewe walikufa? Walikufa, tena wengi. Lakini kila aliyekufa watu walisema kavunja mwiko. Mwanawetu hakuhitaji kuambiwa nani kavunja wa Kibwana. Alimjua.

Hakusema. Angesema kwa nani? Kwa Semeni, aliyefiwa na mwanawe?

Baadaye Mjerumani akachoma vyakula ghalani, njaa ikaingia, watu wakala mizizi. Katika njaa hiyo Mwanawetu akajifungua binti, Zabibu. Watoto wa umri wake walizikwa karibu wote. Zabibu akaishi. Huyo ndiye bibi yangu.

Mtu angefurahi. Mwanawetu kila akimtazama mtoto alijiona mwizi.

Na Semeni naye alibadilika. Walikaa nyumba moja, wakatwanga kinu kimoja, lakini hakumtazama usoni. Tena akaacha kabisa kunywa maji ya kisima kile. Kila siku anakwenda mtoni na mtungi wake, mamba au si mamba. Mwanawetu akaona basi, mama kajua. Roho ikazidi kumwuma.

Vita vilipotulia, kila mwaka baada ya kuvuna mpunga, Mwanawetu alikwenda kule. Akiulizwa, anakwenda kwa shangazi. Kule hapakuwa na mzee tena, wala umati. Lilibaki bwawa na vitambaa vilivyofifia. Anatia miguu majini, anasema kwa sauti, "Nilimuua mume wangu." Dunia nzima hakuwa na mahali pengine pa kulisema hilo.

Mwaka wa nne mto ukafurika, mpunga wote ukaondoka na maji. Hakukuwa na cha kuvuna. Mwanawetu akaamua kwenda mapema. Semeni hakuwepo, alikuwa amekwenda kwa kaka yake huko Mbwara kama kawaida yake ya kila masika. Mtoto akaachiwa mke wa Mshamu.

Alifika kule asubuhi. Akasikia sauti ya mtu anaongea.

Mwanamke mzima ameketi ukingoni, miguu iko majini, mgongo umeinama. Alikuwa Semeni.

Mwanawetu akajua leo ndiyo leo. Akapiga magoti hapo hapo kwenye tope.

"Mama, nisamehe. Yale maji niliyanywa mimi njiani. Kibwana nilimpa ya kisimani."

Semeni hakugeuka.

"Najua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Alfajiri ile anaondoka, nilimsindikiza mpaka kwenye mikorosho. Kanambia, mama, yale ni maji ya kisima changu. Nimekichimba mimi, magadi yake nayajua."

Semeni akaendelea.

"Nikamwambia basi usiende. Akasema wenzake wote wanakwenda, na mgongo ule hawezi kuupeleka tena shambani. Halafu akanituma kwako."

"Alikutuma nini, mama?"

Semeni akaanza kulia. Alikuwa mwanamke mgumu, na kulia kwenyewe hakukujua vizuri.

"Akasema, mwambie mwenzangu asijilaumu. Kama kayanywa yeye, basi yamefika. Mtoto yumo humo humo."



"Miaka minne, mama," akasema Mwanawetu.

"Minne. Msiba ulipoingia nilitaka awepo mtu wa kumchukia, na wewe ulikuwa karibu. Nikalikalia neno la mwanangu. Kila masika naja hapa kuomba radhi, kisha narudi nyumbani nakuona unavyokonda, na mdomo haufunguki. Maji ya kisima chake nitayanywaje?"

Kwa hiyo Mbwara hakukuwa na safari, kama vile shangazi hakuwa na ugonjwa. Wanawake wawili wa nyumba moja, miaka minne wanapishana njia moja kwenda kumwomba radhi maiti mmoja.

Mwanawetu alikiri kwamba siku ile alitaka kumtumbukiza Semeni bwawani. Alikaa mbali naye mpaka jua likapanda. Kisha akaenda akamshika mkono, wakarudi pamoja bila maneno mengi.

Walipofika, Mwanawetu alipitia nyuma, akachota, akamletea mama mkwe wake kata ya maji. Semeni akainywa yote amesimama, machozi yanamtoka, Zabibu anamvuta nguo anataka na yeye.

Mwaka jana nilikwenda kule. Vitambaa vipo mpaka leo. Nilitia miguu majini nikijifanya nimekwenda kutembea tu, kumbe nilikuwa na langu. Rafiki yangu Zaidi, kabla hajafa, alinituma kwa mkewe neno moja tu, nami nilikuwa nimelikalia mwaka wa tatu, eti kwa kuwa yule mama alinikosea kwenye msiba.

Neno la marehemu ni amana, ndugu zangu, na mwenyewe bado analisubiri. Mimi nilipotoka kule sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mke wa Zaidi, nikampa la kwake, na mlango alinifungia usoni. Haki yake.